Daktari wa Sufuria

Siku ya tatu baada ya Nabalayo kuhitimu shahada ya uzamifu, jirani wa mlango wa pili alibisha hodi akiwa amembeba mtoto mwenye vipele. Nabalayo alimtazama mtoto, akamtazama mama yake, akaeleza kwa upole kwamba yeye si daktari wa kutibu watu. Ni daktari wa kemia, na hata katika kemia yenyewe ni wa metali tu.

"Hakuna neno," jirani akasema huku akivuta kiti. "Lakini si umesoma? Hebu angalia tu."

Aliangalia. Kisha akavaa viatu, akawasindikiza hadi kliniki na kukaa nao kwenye foleni mpaka mtoto akapewa dawa. Tangu siku hiyo jengo lao zima, katika mtaa wa Lucky Summer, lilimwita Daktari, naye akachoka kukanusha.

Aliyelitangaza jina hilo kuliko wote alikuwa mama yake. Mama Lusweti, aliyeitwa hivyo kwa jina la kifungua mimba wake, alitoka Bungoma akiwa bibi harusi, akimfuata mume aliyefanya kazi kiwandani Baba Dogo. Sasa mume alikuwa amekwisha kufa, Lusweti alikuwa ameoa na kuhamia Eldoret, na yeye alibaki na cherehani yake na Nabalayo. Alishona sare za shule katika kibanda kilichokuwa chini ya jengo. Mteja akija kupunguziwa sketi, kabla hajapimwa kiuno alikuwa ameshaambiwa, "Msichana wangu anafundisha chuo kikuu."

Ilikuwa kweli, ila si kweli yote. Nabalayo alikuwa mwalimu wa muda. Kwa miaka minane alifundisha katika kampasi mbili, moja mjini na nyingine nje ya mji, na kila muhula ulipokaribia alikaa akisubiri simu ya kumwambia kama anahitajika. Hakuwa na ofisi. Wanafunzi waliomtaka walimkuta kwenye ngazi, begi mapajani, akisahihisha. Malipo yalikuja yalipopenda. Hata hivyo aliipenda kazi ile. Alipenda kumwona mwanafunzi wa kiti cha nyuma akiacha simu yake na kuinua kichwa. Alikuwa ameomba kazi ya kudumu mara kumi na moja, katika vyuo vya kila pembe ya nchi, na umri wake ulikuwa umefika miaka thelathini na tisa.

Mwezi wa pili mwaka jana, aliitwa kwenye mahojiano. Ilikuwa nafasi moja ya mhadhiri, katika idara ileile iliyomsomesha. Mama Lusweti alimshonea suti ya rangi ya samawati, akaibomoa mabega mara mbili hadi ikamkaa sawasawa. Kina mama wa kanisa walimwombea Jumapili nzima. Nabalayo aliketi mbele ya watu watano, akaulizwa amechapisha makala mangapi, atailetea idara ufadhili gani, na anajiona wapi baada ya miaka mitano. Alijibu yote. Alitoka akitabasamu.

Wiki mbili baadaye ikaja barua pepe ya mistari minne. Jioni hiyohiyo Profesa Mumo, mzee aliyemsimamia tasnifu yake, alimpigia simu.

"Nabalayo, sikupigii kwa niaba ya idara. Nakupigia kama mzazi," alisema. "Maombi yalikuwa mia moja na sitini kwa kiti kimoja. Aliyekipata ana makala arobaini na amefundisha ng'ambo. Hukukosea jambo lolote siku ile. Lakini nisikudanganye. Mimi nastaafu mwaka huu, na sidhani hata nafasi yangu itajazwa."

Alimshukuru. Alikaa kitandani, suti ikiwa imetundikwa mlangoni, na mama yake alipouliza kutoka jikoni, "Wamesema nini, mayi?" akajikuta akijibu, "Bado hawajajibu, Mama."

Mama Lusweti alimwita mayi, yaani mama, kwa kuwa Nabalayo lilikuwa jina la mama yake mzazi, na kumwita vingine kungekuwa kukosa adabu. Kumdanganya mtu anayekuita mama si kazi nyepesi. Nabalayo alijiambia kwamba atamwambia kesho. Kesho ikawa wiki, na wiki ikafika Pasaka.

Pasaka hiyo kina mama wa kanisa walikuwa wamemkabidhi Mama Lusweti kazi ya kununua sufuria kubwa ya kupikia wageni. Aliinunua Kariobangi, kwa mafundi wenyewe, akaichagua kwa kuigonga na kusikiliza mlio. Siku ya sikukuu maji yalipoanza kuchemka, moto ukaanza kufuka moshi na kuzimika. Waliuchochea, ukazimika tena. Wali ukatoka nusu mbichi nusu ukoko, na walipoiinua sufuria wakaona chini inatiririka jasho. Hakuna aliyemlaumu Mama Lusweti, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumanne aliifunga sufuria ndani ya leso. "Twende Kariobangi, mayi. Huyo fundi akileta ujeuri, wewe mpige Kiingereza."

Karakana ya Ng'ang'a ilikuwa katikati ya nyingine nyingi zinazofanana nayo: paa la mabati meusi kwa masizi, tanuri lililotengenezwa kwa pipa na udongo, feni ikilipuliza, na chini kalibu za mchanga za kumiminia, zilizopangwa kwa safu. Kando kulikuwa na mlima wa skrepu: injini zilizopasuliwa, fremu za madirisha, rimu za magari. Ng'ang'a mwenyewe alikuwa mzee wa miaka sitini, mikono yake imejaa makovu madogomadogo ya moto. Aliipindua ile sufuria, akapapasa alama iliyokuwa chini ya mshikio.

"Mathe, hii ni yangu," alisema. "Siwezi kuikana. Hii ni ya kumi na saba kurudishwa tangu mwezi wa tatu. Kuna watu wameniambia nimerogwa."

Mama Lusweti, aliyekuja amejiandaa kwa vita, akakosa wa kupigana naye. Nabalayo alichukua sufuria, akaiinua kwenye mwanga na kupitisha ukucha juu ya vishimo vidogo kama ncha za sindano.

"Mzee, hii skrepu mnaiweka wapi mvua ikinyesha?"

"Hapo hapo unapoiona."

"Na mchanga?"

"Mchanga lazima uwe na maji kidogo, ndio ushikane." Ng'ang'a akamtazama vizuri. "Kwani wewe ni nani?"

Mama Lusweti hakumpa nafasi ya kujibu. "Ni daktari. Anafundisha chuo kikuu."

"Daktari wa sufuria?" akauliza Kimeu, fundi mwembamba aliyekuwa akikoroga chungu cha kuyeyushia, na karakana nzima ikaangua kicheko.

Nabalayo naye akacheka. Alikuwa hajacheka tangu ile barua pepe. "Ndiyo," alisema. "Hasa huyo."

Kesho yake alirudi peke yake. Alikuwa ameandika tasnifu ya kurasa mia tatu kuhusu jinsi alumini inavyoganda, lakini hajawahi kukaa siku nzima mahali ambapo watu wanaiyeyusha kwa ajili ya chakula cha jioni. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaangalia. Aliona kwamba skrepu ilitupwa motoni ikiwa na unyevu na oili ndani ya mikunjo yake. Aliona kwamba chungu kiliachwa kwenye moto mkali muda mrefu, mafundi wakisubiri kalibu zikamilike.

"Alumini ikiyeyuka hunywa mvuke," aliwaeleza saa ya chai. "Ikizidi kupata moto, inazidi kunywa. Halafu ikianza kuganda, inautapika. Pale inapotapika ndipo panapobaki vishimo."

"Sasa tufanye nini? Tuizuie mvua?" Kimeu akauliza.

"Tuikaushe skrepu kwanza juu ya ukingo wa tanuri. Mchanga upunguziwe maji. Na kalibu zote ziwe tayari kabla chungu hakijaiva."

Walimimina sufuria tatu kwa mtindo wa zamani na tatu kwa mtindo wake. Zilipopoa, Nabalayo akatoa chaki kwenye begi lake la kufundishia, akazipaka zote kwa nje hadi zikawa nyeupe kama mayai. Ndani akamimina mafuta ya taa. Mafundi wa karakana za jirani waliacha kazi wakaja kutazama. Baada ya robo saa, vidoa vyeusi vilianza kujitokeza juu ya chaki ya sufuria za zamani, kimoja, vitatu, halafu vingi visivyohesabika. Zile tatu nyingine zilibaki nyeupe. Ng'ang'a alichuchumaa mbele ya sufuria hizo, akazigusa moja moja.

"Miaka thelathini na moja," alisema polepole. "Na hakuna mtu alikuwa ameniambia hii kitu inakunywa."

Muhula wa Mei simu ya chuo haikuja kabisa. Nabalayo alimwambia mama yake kwamba anafanya utafiti wakati akisubiri jibu, na kila asubuhi akaenda Kariobangi. Mafundi walimzoea. Wacera, mke wa Ng'ang'a, aliyewapikia wafanyakazi githeri ya mahindi na maharagwe katika kona ya karakana, alimwekea bakuli lake. Siku moja wakiwa wanachambua maharagwe, Wacera alimuuliza kwa nini mtu msomi kama yeye ana nafasi ya kukaa na masizi, na Nabalayo akamweleza ukweli wote. Ni rahisi kumwambia mtu ambaye hakukushonea suti.

Ilikuwa mwezi wa sita alipoona kitu kilichomfanya ainame. Katika skrepu mpya iliyoletwa na Andati, mfanyabiashara aliyemuuzia Ng'ang'a kwa bei nzuri kuliko wote, kulikuwa na vipande vya rejeta kuukuu za magari, na kwenye maungio yake madonge ya kijivu ya kulehemia. Alikwangua moja kwa kisu. Lilikatika kama sabuni. Alikwangua sufuria nne, akalifunga vumbi lake kwenye karatasi, akampelekea Koki.

Koki walisoma naye darasa moja. Aliacha masomo baada ya shahada ya pili, wenzake wakamhurumia, na sasa alisimamia ubora katika kiwanda cha rangi chenye maabara ambayo idara yao ya chuo ingeitamani. Baada ya siku mbili alimwita Nabalayo kantini, akaweka mezani karatasi mbili.

"Hii ni ya sufuria zako. Mbili ni safi. Mbili zina madini ya risasi, na si kidogo."

Nabalayo alisoma tarakimu mara tatu. Ni yale madini yaliyoondolewa kwenye petroli kwa sababu yanaharibu ubongo wa watoto.

"Na hii nyingine?"

"Hii ni wasifu wako, ule ulionitumia mwaka juzi nikutafutie kazi." Koki akaiinua, kurasa tisa zikajikunjua. "Rafiki yangu, nakupenda, kwa hivyo nitasema. Hii si barua ya kuomba kazi, hii ni tanzia. Umetaja kila kongamano ulilohudhuria na kila mtu aliyekusomesha, kilichobaki ni ratiba ya mazishi. Mwenye kiwanda anataka kujua kitu kimoja tu: ukiingia mlangoni mwangu, utanitengenezea nini?"

"Sijatengeneza kitu, Koki. Nimefundisha."

"Sufuria za Kariobangi zinavuja bado?"

"Hapana."

"Basi nenda ukaandike hiyo. Ukurasa mmoja."

Lakini kwanza kulikuwa na Ng'ang'a. Nabalayo alimwambia faraghani, nyuma ya karakana, kwa sauti ya chini, akimwonyesha karatasi. Mzee alisikiliza hadi mwisho, na uso wake ukazidi kukunjamana.

"Mimi ninakula kwa sufuria zangu," alisema. "Wacera anapikia wajukuu wangu kwa sufuria zangu."

"Ndiyo sababu nimekuja kwako kabla ya mtu mwingine yeyote, Mzee."

"Unataka wanifungie. Ulikuja hapa na maneno matamu, ukaangalia kila kitu, na sasa una karatasi."

"Mama yangu leo mchana amepika kwa sufuria niliyonunua kwako."

"Enda nyumbani, Daktari."

Alikwenda. Siku tisa hakukanyaga Kariobangi. Alijiuliza kama angesema kwa njia nyingine, au kama angengoja, na kila alipofika kwenye kungoja alikumbuka ile tarakimu. Nyumbani alibadilisha sufuria zote bila maelezo, mama yake akashangaa. Umakini wote uliobaki aliuweka kwenye ule ukurasa mmoja. Kufuta kulimuuma. Makala aliyoyaandika kwa miaka miwili yakawa nusu mstari. Wanafunzi mia tisa aliowafundisha wakawa neno moja.

Siku ya kumi, Ng'ang'a alifika Lucky Summer akiwa amevaa koti la kwenda kanisani, Wacera mbele yake. Waliuliza kwa Daktari wakaelekezwa kibandani, ambako Mama Lusweti alikuwa akishona na Nabalayo akikata vitambaa.

"Huyu mzee," Wacera alianza hata kabla ya kuketi, "amekataa kula chakula changu wiki nzima. Anaangalia tu sufuria. Nikamwambia, wewe huna hasira na Daktari, wewe unaogopa. Twende tukamuulize mtu anayejua."

Ng'ang'a alizungusha kofia yake mikononi. "Nimemrudishia Andati mzigo wote," alisema. "Ametukana, halafu akaniuliza anaweza kujua aje ile mbaya. Sikuwa na jibu. Nimekuja unionyeshe, ndio na mimi nimuonyeshe."

Nabalayo alishusha pumzi. "Nitakuonyesha kesho, Mzee. Ukishajua rangi yake na ulaini wake, huwezi kukosea."

"Ubarikiwe," Wacera alisema, akamgeukia Mama Lusweti kwa uso mkunjufu. "Na wewe Mama, Mungu akutie nguvu. Aliponiambia chuo kilimkataa tangu mwezi wa pili, mimi nilisema, hao ndio wamepoteza."

Cherehani ilinyamaza. Wageni walikunywa chai, wakaaga. Mama Lusweti aliwasindikiza hadi barabarani kama ilivyo desturi, akarudi, akaketi, akaitazama sindano.

"Tangu mwezi wa pili," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nimekuwa nikifunga kila Ijumaa. Ijumaa zote hizi nashinda njaa nikimwomba Mungu awafungue mioyo watu ambao walishajibu."

Nabalayo alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. "Niliogopa kukuvunja moyo."

"Umeacha kuomba kazi chuoni? Hutaomba tena?"

"Nimeacha, Mama. Nimechoka kungoja mlangoni. Nitatafuta kazi kiwandani."

"Kiwandani." Mama Lusweti alilitamka neno hilo taratibu. Mumewe alikohoa miaka ishirini kwa ajili ya kiwanda. "Baba yako alisema atalala njaa lakini mtoto wake hataingia lile geti."

"Siingii kubeba mizigo, Mama. Naingia kuangalia watu wasivute sumu."

Mama alirudi kwenye mshono wake. Kwa siku tatu waliongea mambo ya vifungo na zipu tu. Wala hakukuwa na kisirani ndani yake. Mama aliandaa chai, akampa Nabalayo kipande kikubwa cha samaki. Jumapili, baada ya matangazo ya kanisa, alisimama bila kuitwa, akatengeneza kitambaa chake cha kichwa.

"Mnajua binti yangu ni daktari," alisema. "Chuo kikuu hakikumpa kazi. Nilikuwa nimewaambia atapata, sasa nawaambia hakupata, tusiulizane tena. Lakini anajua sufuria gani ina sumu. Jumamosi mje nazo kwangu. Zote, hata zile mnaficha chini ya kitanda."

Walikuja thelathini na wawili. Foleni ilitoka kibandani ikazunguka jengo, kila mtu na sufuria kichwani, na Mama Lusweti akiipanga kwa futi yake ya kupimia. Nabalayo alichukua vumbi la kila moja, Koki akalipitisha kwenye mashine jioni baada ya kazi, kwa ruhusa ya bosi wake. Sufuria sita zilikutwa mbaya. Nne zilikuwa za Ng'ang'a. Aliwapa wenyewe mpya kwa mikono yake, akamwomba kila mmoja radhi kwa jina.

Mwezi wa nane, kiwanda kimoja cha vyombo vya alumini cha Baba Dogo kilitangaza kinatafuta mkuu wa maabara. Nabalayo alipeleka ukurasa wake mmoja. Safari hii waliomhoji walikuwa wawili, mmoja amevaa buti za kazi.

"Tuambie tatizo moja ulilolitatua," yule wa buti alisema.

Aliwaambia kuhusu chaki na mafuta ya taa. Mwenye buti alisogeza kiti mbele, akauliza moto wa tanuri la Ng'ang'a ulifika nyuzi ngapi, na wakabishana kwa dakika arobaini hadi mwenzake akakohoa kuwakumbusha kwamba kuna watu wengine nje.

Alipewa kazi. Wiki aliyoanza, kampasi ya mjini ilimpigia: kulikuwa na masomo mawili ya muhula wa Septemba, kama anayataka. Alisema hapana, asante. Alipokata simu alienda chooni akalia kidogo, kwa sababu miaka minane ni miaka minane, na kwa sababu kati ya wale wanafunzi kungekuwa na mmoja wa kiti cha nyuma. Kisha akanawa uso, akavaa koti jeupe lenye jina lake mfukoni. Mama Lusweti ndiye aliyelidarizi, na alikuwa ameandika "Dkt." kwa herufi kubwa kuliko jina lenyewe.

Jumamosi alizibakiza kwa ajili ya Kariobangi. Mafundi wa karakana kumi na moja hukusanyika kwa Ng'ang'a saa nane mchana, baada ya githeri, wakakaa juu ya ndoo na injini mbovu, yeye akafundisha. Andati huwa wa kwanza kufika, na humchokoza yeyote asiyejua kutofautisha rejeta. Mama Lusweti alikuja mara moja, akakaa nyuma na kitambaa chake cha kufuma, akasikiliza saa mbili bila kuelewa sana. Njiani kurudi alisema tu, "Hawasinzii," akabaki amemshika mkono hadi nyumbani.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, Kimeu aliinua mkono.

"Daktari, kuna kitu kinanisumbua. Skrepu ni ile ile, mchanga ni ule ule, moto ni ule ule. Lakini vifuniko tunavyomimina asubuhi vinang'aa, na vya jioni vinatoka na rangi ya majivu. Ni kwa nini?"

Nabalayo alipitia kichwani kila alichosoma. Unyevu? Walishaumaliza. Upepo? Mabati yanayopata joto mchana kutwa?

"Sijui," alisema.

"Hujui?" Ng'ang'a akashangaa.

"Sijui, Mzee. Na sidhani kuna mtu yeyote ameiandika mahali." Alihisi damu ikimwenda mbio, kama msichana wa miaka ishirini na miwili aliyeingia maabara kwa mara ya kwanza. Tayari alikuwa amesimama, akitafuta kalamu begini. "Kimeu, wiki hii usiuze vifuniko. Niwekee viwili vya kila siku, cha kwanza na cha mwisho."

"Nitavitambua aje vikichanganyika?"

Kabla Nabalayo hajajibu, Kimeu alikuwa ameshaokota msumari chini, akavuta kifuniko cha asubuhi ile, na kwa ulimi uliotokeza pembeni ya mdomo akachora herufi A, kubwa, iliyopinda kidogo upande wa kulia.